Wakati Uliopita

Ilipofika siku ya kumi na moja bila kutamka lugha aliyonyonya nayo, ukitoa dakika kumi za simu ya Jumapili, Fundi Saa alianza kuota ndoto za bubu. Ndotoni mama yake alimwita, naye akafungua kinywa kuitika, hakikutoka kitu. Alfajiri aliamka shuka ikiwa imemzunguka shingoni, na kwenye kitanda cha pili yule binti wa miaka ishirini aliyepangiwa naye chumba akiwa amelala fofofo, anakoroma kama mtu asiyedaiwa salamu na yeyote.

Kujileta alikuwa amejileta mwenyewe. Kiwanda kimoja cha saa huko Japani kilikubali kumchukua kwa mafunzo ya miaka miwili, yeye aliyejifunzia ufundi kwenye meza ya marehemu baba yake, ndani ya duka lenye upana wa kitanda lililobanwa kati ya famasi na kinyozi. Sharti lilikuwa moja: aende akijua kuzungumza. Ndiyo maana likizo ndefu ilipoingia alifunga duka, akabeba sanduku lake, akaingia kambi ya Kijapani ya wiki nane. Kambi yenyewe ilikuwa kwenye chuo cha ualimu, wanachuo wote wakiwa wamekwenda kwao. Siku ya kwanza simu za watu zilikusanywa zikafungiwa kabatini, kisha kila mmoja akatia saini kiapo. Tangu wakati huo hadi siku ya mwisho, darasani, bwaloni, bafuni, hata ukijikwaa kidole, ni Kijapani tu. Anayevunja kiapo mara ya kwanza hutengwa siku tatu. Mara ya pili anafungasha. Jumapili pekee ndipo waliruhusiwa dakika kumi za simu ya ofisini, wazungumze na watu wao kwa lugha waitakayo.

Hakuna aliyemwambia kwamba kiapo kile kingemrudisha utotoni. Mwanamke wa miaka thelathini na sita, aliyezoea kubishana na wateja na kuwatania mpaka wakasahau walichokuja kulalamikia, sasa alikuwa na maneno kama mia mbili, mengi yao majina ya matunda. Aliweza kusema kuna joto. Aliweza kuuliza choo kiko wapi. Kusema kwamba roho imechoka, hakuweza.

Asingekuwepo Mwokaji, huenda angekwishafungasha.

Darasani hawakuitana kwa majina. Mwalimu mkuu, mama wa Kijapani mwenye mvi na miwani ya kuning'iniza shingoni, alipendelea kuwaita watu kwa kazi zao, kama wanavyoitwa wenye maduka huko kwao. Fundi Saa akawa Tokeiya-san, yaani wa duka la saa. Jirani yake wa dawati, mwanamume mrefu wa miaka arobaini hivi aliyekuwa na tanuri lake la mikate, akapewa jina la waoka mikate. Mwalimu alilitamka kwa heshima zote: Panya-san.

Darasa zima lilijiuma midomo. Kiapo hakikukataza kucheka, kilikataza kueleza unachokicheka, kwa hiyo mwalimu alibaki akiwatazama watu wanaotokwa machozi bila kujua amekosea wapi. Mwanamume mwenyewe alisimama, akainamisha kichwa kwa adabu, kisha alipokuwa akikaa akamgeukia jirani yake na kumtolea meno mawili ya mbele juu ya mdomo wa chini. Fundi Saa alicheka akashika mbavu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu afike.

Wao wawili ndio waliokuwa watu wazima katika darasa la wanaoanza, na haikuchukua muda wakajikuta wanakula meza moja, ile ya mwisho karibu na dirisha la jikoni. Mazungumzo yao yangemchosha mtoto wa chekechea. Yeye alisema leo mkate mgumu. Mwokaji aliubonyeza, akaunusa, akajibu kwa uchungu wa mtaalamu kwamba naam, mgumu sana. Yeye aliuliza je, jana kulikuwa na mvua, kumbe ametumia neno la kesho, nao wakaingoja mvua ya jana pamoja, wakicheka.

Alichokipenda zaidi ni namna mwanamume yule alivyosubiri. Fundi Saa alipokwama katikati ya sentensi, akihangaika kutafuta neno kama anayetafuta skrubu iliyodondoka sakafuni, Mwokaji hakumalizia kwa niaba yake wala hakutazama pembeni. Mikono yake yenye alama za tanuri ilitulia mezani, macho yake yakatulia usoni pa Fundi Saa, kama mtu anayejua kwamba unga hauumuki kwa kuharakishwa. Katika maisha yake yote Fundi Saa hakukumbuka mwanamume aliyewahi kumsubiri hivyo. Usiku alipolala aliyaona macho yale, akajikemea, akageukia ukutani, akayaona tena.

Ijumaa ya wiki ya pili walifundishwa maneno ya jamaa: baba, mama, kaka, binti. Wakati wa chakula cha mchana Mwokaji alichomoa picha kwenye daftari lake, akaisukuma taratibu mezani. Msichana wa miaka tisa, nywele zimekatwa sawasawa juu ya nyusi, amebeba mkoba mwekundu wa shule.

"Musume," alisema. Binti. Akainua kidole: mmoja. Akaelekeza mkono kwenye ramani ya Japani iliyobandikwa ukutani. "Tooi." Mbali.

Fundi Saa aliichukua picha kwa ncha za vidole. Mtoto alikuwa na macho ya baba yake. Alikuwa bado anatafuta neno la kumsifia Mwokaji alipomeza mate na kusema, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe:

"Tsuma ga imasu."

Nina mke.

Baada ya hapo alifungua kinywa tena, akakifunga. Alifungua viganja, akavitazama, akavifunga navyo. Palikuwa na kitu usoni pake kilichotaka kutoka na hakikuona njia. Fundi Saa hakukingoja. Alimrudishia picha, akamwambia kwa Kijapani kwamba ni vizuri, vizuri sana, akabeba sahani yake iliyokuwa nusu. Alitembea mpaka kwenye beseni la vyombo akiwa amenyooka kama askari.

Mjinga mimi, aliuambia moyo wake. Mtu amekuonyesha meno ya panya, wewe umekwisha kushona gauni.

Jumapili ile alipiga simu nyumbani. Mama yake aliitambua sauti yake kabla hajamaliza kuamkia, akauliza kama huko hawamlishi. Akamweleza habari za kaka yake na wifi yake, bati lililovuja, jirani aliyejifungua mapacha. Kisha akafika pale alipofika hata Jumapili iliyotangulia, kwa yule mgane muuza matairi aliyekuwa akimposa.

"Mwenye Matairi alikuja tena jana," mama alisema. "Hakusema kitu. Alikaa, akanywa maji, akauliza utarudi lini. Mwanangu, yule mtu ana adabu, mke wake alimwuguza mwenyewe mpaka mwisho. Wewe unatengeneza saa za watu, zako unaziacha zikimbie."

Siku nyingine angejibu kwa utani, angesema saa zake zina warantii. Lakini kupitia kioo cha ofisi alimwona Mwokaji ameketi ngazini, peke yake, ananakili herufi daftarini. Hakuwa kwenye foleni ya simu. Hakuwahi kupanga foleni ile. Mtu mwenye mke, Fundi Saa aliwaza.

"Mwambieni sawa," alisema.

"Umesemaje?"

"Nimesema sawa, mama. Nikirudi tutapanga."

Alisikia mama akimwita kaka yake kwa sauti iliyotetemeka kwa furaha. Akaweka simu chini, dakika mbili zikiwa bado zimebaki.

Jumatatu alihamia meza ya vijana. Walimkaribisha kwa heshima, wakamsogezea maji, kisha wakaendelea kuzungumza kwa kasi asiyoiweza. Akala kimya. Alijua bila kugeuka kwamba kule mwisho, karibu na dirisha la jikoni, kuna mtu ameketi peke yake anatazama kiti kitupu. Mara moja walikutana kwenye korido, uso kwa uso. Mwokaji alisimama, akavuta pumzi ya mtu anayetaka kusema jambo refu. Kwa lugha yao angelisema kwa maneno kumi. Aliyatazama madarasa pande zote mbili, milango ikiwa wazi, akashusha pumzi, akampisha njia.

Jumatano mwalimu aliandika ubaoni vitenzi walivyovizoea, akavifuta mikia, akavipa mikia mipya. Ninakula ikawa nilikula. Ninakwenda ikawa nilikwenda. Leo, aliwaeleza kwa kuashiria nyuma ya bega lake, tunajifunza wakati uliopita. Kila mmoja asimame atoe sentensi yake.

Vijana walikula wali jana. Walikunywa chai. Mmoja aliona mbwa. Zamu ya Mwokaji ilipofika alisimama, na badala ya kumtazama mwalimu akageuka mwili mzima kuelekea dawati la nyuma alikokuwa amehamia Fundi Saa. Mikono yake ilikuwa imeshika ukingo wa kiti.

"Tsuma ga imashita," alisema. Nilikuwa na mke. "Rokunen mae." Miaka sita iliyopita. Akamtazama bila kupepesa. "Ima, imasen."

Sasa sina.

Mwalimu alifurahi. Alimrekebisha kidogo tu, kuna kijineno amekisahau, akakiongeza, akalitaka darasa zima lirudie. Na darasa zima likaitika kwa sauti moja, vijana kumi na wanane, wakipaza sauti kwa bidii: sasa sina mke, sasa sina mke. Mwokaji alisimama katikati ya kelele zile, masikio yamemwiva, macho hayajamtoka Fundi Saa.

Naye Fundi Saa alihisi furaha inampanda kutoka tumboni. Ilipofika kifuani akakumbuka Jumapili, akakumbuka sauti ya mama yake ikimwita kaka. Aliinamisha kichwa juu ya daftari. Mwokaji alikaa polepole, kama mtu aliyetoa kila alichokuwa nacho akaona hakikutosha.

Siku tatu zilizofuata hakurudi kwenye meza ya dirishani. Angerudi na nini? Sasa ni yeye aliyekuwa amemwahidi mtu. Alihesabu siku za kufika Jumapili, na ilipofika alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

"Mama, lile neno la wiki iliyopita nalirudisha."

"Neno gani?"

"La Mwenye Matairi."

Mama alivuta pumzi. "Kaka yako amekwenda kwake. Wamekaa, wamepeana mikono. Wifi yako ameshawaambia watu. Unataka uso wangu niuweke wapi?"

"Nilikubali kwa hasira, mama. Na hasira yenyewe haikuwahusu nyinyi wala yeye."

"Kuna mtu huko."

Haikuwa swali. Fundi Saa alizungusha waya wa simu kidoleni. "Sijui kama yupo. Hajaniambia kitu. Hana maneno ya kuniambia."

"Ni bubu?"

"Si bubu. Tumekatazwa kuongea."

"Kwa hiyo unamwacha mtu anayekutaka kwa kinywa chake," mama alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ya chini, ile iliyomtisha kuliko makelele, "kwa ajili ya mtu ambaye hajafungua kinywa. Baba yako angekuwepo ungemfanyia hivi?"

"Baba alinifundisha nikiona nimefunga saa vibaya, niifungue upya. Hata kama mwenyewe anasubiri mlangoni."

Simu ilikatwa. Alikaa na mkonga wa simu sikioni kwa muda, akisikiliza mlio wake, mpaka karani wa ofisi akagonga meza kwa kalamu.

Alimkuta Mwokaji nyuma ya jengo la kufulia, kwenye ngazi za zege, shuka za kambi nzima zikipepea kwenye kamba mbele yake. Alikuwa na daftari lake. Fundi Saa aliketi ngazi mbili chini yake. Alitafuta Kijapani cha kusema na hakukipata, si neno, si nusu ya neno. Akatazama kulia na kushoto. Hapakuwa na mtu.

"Usinijibu," alisema kwa lugha yao.

Mwokaji alishtuka. Akainua mkono kumzuia, akageuka kutazama mlango.

"Usinijibu hata kidogo. Wewe una mtoto wa kumfikia. Mimi nikitengwa siku tatu nitajikaza. Nisikilize tu." Sauti yake mwenyewe ilimshangaza, ilivyokuwa nzito na ya mtu mzima. "Uliposema una mke niliumia. Sikuwa na haki ya kuumia, lakini niliumia. Nikapiga simu nyumbani nikamkubali mtu ambaye simtaki. Mtu mwema tu, hana kosa. Leo nimemkataa, na mama yangu amenikatia simu. Hajawahi kunikatia simu tangu nizaliwe."

Shuka moja iliinuliwa na upepo ikawafunika miguu, kisha ikawaachia.

"Sikufanya hivyo ili unichukue. Sijui hata unapenda nini, zaidi ya mkate laini. Ila tangu nifike hapa siku nyingine sina hakika kama nipo. Nimeona afadhali mtu mmoja ajue nilichofanya leo." Alijifuta pua kwa kiganja. "Kama nimekuelewa vibaya, inuka uende zako. Sitakulaumu."

Hakuinuka. Fundi Saa alisikia daftari likifungwa, kisha nguo ikisuguana na zege, ngazi moja, halafu ya pili, mpaka bega la Mwokaji likawa usawa wa bega lake. Hakumshika. Aliweka mkono wake kati yao, kiganja juu, alama zote za tanuri zikionekana, akauacha pale. Ilimchukua Fundi Saa muda mrefu kuweka wa kwake juu yake. Vidole vyake vilivyozoea springi nyembamba kama unywele vilikuwa baridi; mkono wa Mwokaji ulikuwa na joto la mtu aliyeishi karibu na moto. Wakakaa hivyo mpaka kengele ya chakula ikalia.

Mchana ule alikwenda mwenyewe ofisini kukiri. Mwalimu mkuu alimwuliza alikuwa akizungumza na nani. Fundi Saa alimjibu kwa Kijapani kwamba alikuwa peke yake. Yule mama alimtazama juu ya miwani kwa kitambo, akatazama dirisha lililoelekea jengo la kufulia, kisha akaandika alichoandika.

Siku tatu alikaa kwenye chumba cha mwisho cha maktaba, akiletewa chakula kwenye sinia, bila kuruhusiwa kusema na mwanafunzi yeyote kwa lugha yoyote. Asubuhi zilikuwa ndefu. Alinakili vitenzi, akamwandikia mama yake barua tatu, akazichana zote. Kila baada ya mlo alisikia viatu vikipita chini ya dirisha. Havikusimama, kwa kuwa kusimama kulikatazwa. Vilipofika pale vilipunguza mwendo tu, kisha vikaendelea.

Jumapili iliyofuata simu ya nyumbani ililia mpaka ikakata. Akapiga ya kaka yake, nayo vilevile. Akawa anainuka kutoka kwenye stuli alipogundua aliyesimama nyuma yake kwenye foleni ni Mwokaji, shati limepigwa pasi, karatasi mkononi. Alimweleza kwa vipande, kwa Kijapani chao cha kuokota: mama wa mtoto alisema, siku utakapoweza sentensi, piga simu. Leo nina sentensi. Alimwonyesha kiti cha pembeni, akamwomba kwa macho asiondoke.

Sauti ya mtoto ilipofika ilikuwa nyembamba na ya mbali, lakini chumba kilikuwa kidogo, wote wawili waliisikia. Mwokaji alimwuliza kama amekula. Alimwuliza amekula nini. Mtoto alijibu kwa mafuriko ya maneno, na baba akayapokea kama anayekinga mvua kwa viganja, akidaka moja moja. Alikosea kitu, mtoto akacheka, naye akacheka, hata Fundi Saa kicheko kikamtoka, huku machozi yakimteremka baba mpaka kidevuni wala hakuyafuta. Kisha mtoto aliuliza swali fupi ambalo hata Fundi Saa alilielewa. Hapo kando yako yuko nani?

Mwokaji aligeuka akamtazama.

"Taisetsu na hito," alijibu.

Hito alilijua: mtu. Lile la kwanza hawakuwa wamefundishwa. Alitoka nje wakati baba na mwana bado wanaagana, akavuka uwanja hadi maktaba, akashusha kamusi kutoka rafuni. Aliitafuta ile sauti herufi kwa herufi, kwa kidole, kama anavyotafuta jino lililovunjika kwenye gurudumu la saa. Lilikuwapo. Pembezoni mwake mtu alikuwa ameweka alama ndogo kwa penseli, na kwenye ukurasa palibaki vumbi jepesi la kifutio, la mtu aliyejifunza kuliandika akafuta, akaandika tena. *Cha thamani; cha kutunzwa kisipotee.*

Alifunga kamusi, akakaa nayo mapajani. Halafu akakumbuka kwamba dakika zake kumi hakuzitumia.

Karani alikuwa anafunga daftari la simu. Fundi Saa aliomba kwa Kijapani kilichonyooka kiasi kwamba karani hakuona la kubisha. Alipiga nyumbani. Ikalia, ikalia, ikalia. Kisha ikapokelewa.

Hakuna aliyesema haloo. Alisikia redio ya jikoni, kifuniko cha sufuria kikiwekwa mezani, na pumzi ya mama yake.

"Shikamoo, mama."

Mama hakuitika. Lakini hakukata. Fundi Saa aliivuta stuli karibu na ukuta, akaketi, akaushika mkonga kwa mikono yote miwili.

"Mama," alianza, "anaoka mikate."